Gitaa katika Kiti cha Nyatiti

Vitabu vya muziki vya shuleni humfundisha mwanafunzi vyombo kwa kuvipanga kufuatana na maumbile yake: vya nyuzi kando, vya kupuliza kando, vya kupigwa kwa fimbo au kiganja navyo kando. Kisha kila kimoja hutajiwa kazi yake, kana kwamba kazi hiyo ilitiwa ndani siku chombo kilipochongwa. Mpango huo una faida yake, lakini haumsaidii mtu anayetaka kuielewa historia ya muziki wa Afrika Mashariki. Gitaa la aina moja, lililotoka kiwanda kimoja, limefanya kazi moja Kisumu, nyingine Dar es Salaam, na nyingine kabisa Tanga. Akodiani iliyowachezesha wanaume na wanawake wawili wawili katika nchi ya Wakikuyu ndiyo iliyoketi kwa adabu katikati ya mafidla ya Unguja. Ninachodai hapa ni kwamba kazi ya chombo hutolewa na muziki kinaoukuta. Kila mahali penye ngoma viti vimekwisha kupangwa: kuna cha mwenye kuongoza, cha mwenye kuitikia, cha mwenye kushika mapigo, na cha yule anayetangaza heshima ya mwenye shughuli. Chombo kigeni kinapobisha hodi hukalishwa kwenye kimojawapo cha viti hivyo, na huchukua muda mrefu kabla ya kupata cha kwake.

Tuanze na nyatiti ya Wajaluo, kwa kuwa ushahidi wake ndio ulio wazi zaidi. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji, ambaye kwa mila alikuwa mwanamume, hukaa kwenye kigoda kifupi, amefunga njuga mguuni, na kwenye kidole kikubwa cha mguu amevaa pete ya chuma inayogonga ukingo wa chombo. Kwa hiyo mtu mmoja anabeba nyuzi za juu zinazosema wimbo, nyuzi za chini zinazounguruma, mapigo ya chuma, mchakacho wa njuga, na juu ya hayo yote sauti yake mwenyewe. Kazi yake matangani na kwenye karamu za pombe ilikuwa kuwataja watu: kumsifu marehemu, kukumbusha nasaba, kumchokoza tajiri aliyekaa mbele ili afungue mfuko. Sauti na nyuzi hupokezana. Akiimba, nyuzi hujirudi chini. Akinyamaza, nyuzi huchukua usemi, na zinapopewa uwanja huchacha hadi wasikilizaji wainuke.

Magitaa yalienea Nyanza kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, yakiletwa na askari waliorudi na kuuzwa madukani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960 vijana wa huko wakaanza kupiga muziki ulioitwa benga. Aliyeutangaza kuliko wengi ni Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, kiongozi wa Shirati Jazz, aliyefariki mwaka 2006. Sikiliza benga kwa sikio lililozoea nyatiti. Gitaa la solo halipigi nyuzi zote kwa mkupuo. Linachomoa uzi mmoja mmoja, haraka, kwa sauti kali na kavu. Mwimbaji akimaliza kauli yake, gitaa linamjibu. Besi haijifichi nyuma kama ilivyo katika muziki mwingi wa Ulaya. Inasukuma mbele, ikifanya kazi ya nyuzi za chini na ya ile pete ya chuma. Kisha waimbaji wananyamaza, magitaa yanaachiwa uwanja na kukimbia mpaka mwisho. Hata kazi ya kuwataja watu ilibaki: nyimbo za benga zimejaa majina ya marafiki, wafadhili na wanasiasa, na ujasiri wa Misiani wa kuwasema wakubwa ulimtia matatani na wenye madaraka. Mikono ilibadili chombo, shughuli ikabaki ile ile.

Atatokea msomaji aseme kwamba benga imeazima pia kutoka Kongo, na kwamba vijana wa Nyanza walikuwa wakisikiliza rumba redioni kama watu wengine wote. Ni kweli, na simpingi. Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Katanga, mwaka 1952, na wimbo wake wa Masanga ukawafundisha wapiga gitaa wa Afrika Mashariki kwamba vidole vichache vya mkono wa kulia vinaweza kutoa sauti ya watu wawili, wimbo juu na besi chini. Lakini tazama kila mahali palifanya nini na somo hilo. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi na wenzake wa mtindo wa omutibo walilitwaa gitaa kavu na kulifungamanisha na mapigo ya sukuti, ngoma tatu za ukubwa tofauti za Waisukha na Waidakho, huku mwenzao akikwaruza chupa ya Fanta yenye mikunjo ili kushika mwendo. Kilomita chache kusini, gitaa liliingia kwenye nyatiti. Hapa liliingia kwenye sukuti. Kama Kongo ndiyo iliyoamua, majirani hawa wawili wangetoa sauti moja. Hawakutoa.

Dar es Salaam ilifuata njia nyingine. Katika bendi za dansi gitaa moja halikutosha, na kazi ikagawanywa: solo, solo ya pili, ridhim na besi, kila moja likirudia kipande chake kifupi na kuacha nafasi ambamo jingine linaingia. Mgao huo ulikuja kwa sehemu kubwa pamoja na rumba ya Kongo, lakini haukuota kwenye udongo mkavu. Anayejua ngoma za Wazaramo au za jirani zao anajua kwamba ngoma ndogo hushika pigo moja bila kuhama, ya pili hulijaza, na kubwa ndiyo inayosema na wachezaji. Ridhim imekaa pale pale palipokaa ngoma ndogo. Wanamuziki wenyewe walionyesha wanakotoka kwa majina ya mitindo yao: NUTA Jazz, iliyoundwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964, ilijulikana kwa Msondo, ngoma ya unyago; Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikajiita Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Saksafoni na tarumbeta, vyombo vilivyopitia bendi za polisi na za jeshi, zikapewa kazi ya kuitikia waimbaji, kisha kuwasha chemko, ile sehemu ya wimbo ambapo maneno yanapungua na watu wanacheza kwa nguvu.

Tarumbeta hazikuanza safari yao kwenye dansi, na historia yake ya awali ndiyo inayonipa ushahidi ninaouthamini kuliko wote. Pwani ilikuwa na vyombo vya kupuliza vya heshima karne nyingi kabla ya Wazungu kuleta vya kwao. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu hazikutengenezwa kwa ajili ya kuimbisha. Zilipulizwa katika kutawazwa kwa watawala na katika harusi za waungwana, na mlio wake ulikuwa tangazo la nani ana haki ya kutangazwa. Miaka ya 1890, vijana wa Mombasa na Lamu walianza kuunda vyama vya beni, wakiiga bendi walizoziona kwenye vituo vya misheni na kwenye majeshi. Walivaa sare, walijipa vyeo, walipanga gwaride. Terence Ranger, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, alionyesha jinsi vyama hivyo, hasa Marini na Arinoti, vilivyoenea Tanganyika yote na kuvuka mipaka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vikibebwa na askari, wapagazi na makarani.

Wapo walioliona jambo hilo kuwa kuiga tu, tena kuiga kwa aibu, mtawaliwa akijivika nguo za mtawala. Hukumu hiyo inasahau vyombo vilikuwa vikifanya nini. Katika jeshi la Mwingereza au la Mjerumani tarumbeta ni chombo cha amri: linaamsha, linaita chakula, linaanzisha mwendo. Katika beni lilikuwa chombo cha mashindano. Mtaa ulishindana na mtaa kwa sauti, kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kuchokozana, kama watu wa miji ya Waswahili walivyokuwa wakishindana kwa mashairi na kwa ngoma tangu zamani. Shaba ilikalia kiti cha siwa, isipokuwa sasa kijana asiye na nasaba kubwa aliweza kujitangaza bila kuomba ruhusa ya waungwana. Hapo mfumo wa viti wenyewe ulitikisika, na waungwana waliolalamika kuhusu beni walilijua hilo vizuri.

Sasa tazama kilichotokea mahali ambapo tarumbeta hazikupatikana. Kaskazini mwa Malawi na kandokando ya Ziwa Nyasa, wanaume waliorudi kutoka jeshini walianzisha ngoma ya mistari na gwaride inayoitwa malipenga, ndugu wa mganda. Hawakuwa na shaba. Wakachukua vibuyu, wakavitoboa, wakabandika utando mwembamba kwenye tundu, wakawa wanaimba ndani yake hadi sauti ikatetemeka kama bendi ya kijeshi inayosikika kwa mbali. Vibuyu vidogo vikabeba sauti za juu, vikubwa za chini. Kama kazi ingekuwa mali ya chombo, basi chombo kisipokuwepo kazi nayo ingetoweka. Hapa chombo hakikuwepo, kazi ikawepo, na watu wakatengeneza cha kuifanyia kutokana na mmea wa shambani.

Taarab ndiyo inayoweza kunikanusha, maana hakuna muziki wa pwani unaotambulishwa kwa vyombo vyake kama huu. Ukimwambia mtu taarab, anawaza udi na kanuni. Masimulizi ya Unguja yanaanza na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyewaalika wanamuziki kutoka Misri na kumtuma Mohamed Ibrahim huko akajifunze kanuni. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na katika miaka hiyo ya mwanzo muziki huu uliimbwa kwa Kiarabu kwa ajili ya watu wachache. Siti binti Saad ndiye aliyeuhamishia kwenye Kiswahili mbele ya umma. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na kikundi chake kidogo kurekodi santuri, na sahani hizo zikasikika majumbani na mikahawani pwani nzima. Vyombo vyake vilikuwa vichache. Watu walinunua sauti na maneno, na vyombo vilikuwa vya kuyapa maneno hayo njia ya kupita.

Baada ya Siti, taarab ilikwenda miji minne na kuvaa nguo nne. Unguja iliendelea kuitazama Cairo: filamu na redio za Misri zilileta sura ya okestra kubwa, na klabu zikaongeza mafidla, sello, besi kubwa ya kusimama, nai na akodiani juu ya udi, kanuni na dumbaki. Mombasa iligeukia Bombay. Juma Bhalo aliimba kwa tuni zenye ladha ya filamu za Kihindi, na vinanda vya mkono na tabla vikapata makao. Huko huko Mombasa kuliingia taishokoto, chombo cha nyuzi na vitufe kilichobuniwa Japani mwanzoni mwa karne ya 20 na kupitia India. Zuhura Swaleh na kundi lake walikitia umeme na kukifanya kiwe sauti kali inayomfuata mwimbaji hatua kwa hatua. Tanga, Black Star na Lucky Star walichukua gitaa la umeme na gitaa la besi, wakapunguza idadi ya watu jukwaani, wakatia mwendo wa ngoma, na Shakila Saidi akaimba juu yake. Dar es Salaam ya miaka ya 1990 ikaja na East African Melody na TOT, kinanda cha umeme kikafanya kazi ya mafidla yote, na mipasho ikapata uwanja mpana.

Mpenzi wa taarab hakuhitaji kuelezwa kwamba yote manne ni taarab. Alijua kwa nini. Shairi lilibaki mbele, likiimbwa na sauti moja. Kati ya ubeti na ubeti kulikuwa na mahali pa kujibu, na jibu lilipaswa kuwa la wimbo, lenye maringo, lisilomfunika mwimbaji. Mapigo yalipaswa kumruhusu mwenye kutunza kuinuka polepole, kupita mbele ya watu wote na kutoa tuzo yake kwenye ubeti uliomgusa au uliomgusa hasimu wake. Hivyo ndivyo viti vya taarab. Mafidla ya Unguja, taishokoto ya Mombasa, gitaa la Tanga na kinanda cha Dar es Salaam vyote vimekaa kwenye kiti cha kujibu. Ukitaka kuona jinsi kiti kinavyomtawala mkaaji, fuata akodiani. Katika mwomboko wa Wakikuyu, ulioshamiri miaka ya 1940, akodiani ndiyo karibu okestra nzima. Inaongoza wimbo na kuamuru hatua, na pembeni yake kuna pete ya chuma tu inayogongwa. Unguja akodiani hiyo hiyo inakwenda sambamba na mafidla na kujaza mahali yanapopungua, na mpigaji anayejitokeza kupita kiasi anahesabiwa kuwa hana adabu ya muziki.

Hapa ndipo pingamizi la kweli lilipo, na ni la wanamuziki wenyewe. Wanasema: mwili wa chombo si kitu cha kupuuzwa. Udi hauna vigawanyo shingoni, fidla nayo haina, na kwa sababu hiyo vidole vinaweza kutua kwenye sauti zilizo katikati ya sauti, zile ambazo bila yake maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, kama rast na bayati haziwezi kuishi. Akodiani ya kawaida haina sauti hizo, na kinanda cha umeme kilichotoka dukani hakina mpaka kirekebishwe. Kilipoingia kinanda, sehemu ya lugha ya taarab ilinyamaza, na hakuna kiti kilichoweza kuizuia isinyamaze. Pingamizi hili nalikubali, na linanilazimu kulirekebisha dai langu. Chombo hakiamuru, lakini kinaweza kukataa. Kila chombo kina mambo ambayo mwili wake hauyawezi, na jamii inayokikalisha mahali fulani hulipa gharama ya kukataa huko, mara nyingine bila kuhesabu. Kinanda kiliwaruhusu watu wachache kufanya kazi ya okestra, kikapunguza gharama ya shughuli, na kikaiondoa rast kwenye masikio ya vijana. Anayekisifu bila kutaja hasara hiyo hasemi kweli yote. Na anayekilaumu kwa kuua taarab hajaangalia kwamba shairi, jibu na tuzo bado vipo.

Kuna pingamizi jingine, kutoka bara. Ngoma za kifalme za Burundi zinaonekana kuvunja hoja hii kabisa, maana kwao ngoma ilikuwa ufalme wenyewe. Karyenda, ngoma kuu ya ufalme, ilikuwa na makao, walinzi na ibada, na kupiga ngoma za mwami, yaani mfalme, hakukuwa kazi ya kila mtu. Lakini ufalme ulifutwa mwaka 1966 na ngoma hazikunyamaza. Mwaka 1982 wapigaji wa Burundi walikuwa Uingereza kwenye tamasha la kwanza la WOMAD, mbele ya vijana wasiojua mwami ni nani, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kazi ya kutawaza ilikwisha. Kazi ya kuliwakilisha taifa ikaanza, kwa ngoma zile zile. Hata suala la nani apige limo katika mikono ya watu. Burundi imewahifadhia wanaume ngoma hiyo. Rwanda, ambayo kwa Waburundi ni jirani wa damu, ina kundi la wanawake la Ingoma Nshya linalopiga ngoma za namna hiyo hadharani. Kwa Wagogo wa Dodoma, wanawake ndio wapigaji wa muheme, ngoma wameibana katikati ya miguu. Ngozi na mti haviwezi kueleza tofauti hizi. Zinaelezwa na historia ya kila mahali.

Kwa hiyo ningependa wanaoandika na kufundisha historia hii wabadili mpangilio wao. Vyuo kama kile cha muziki wa nchi za jahazi kilichoanzishwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 2002 vinafanya kazi kubwa ya kufundisha udi, kanuni na fidla, na mkono wa mwanafunzi lazima ujifunze chombo. Lakini mwanafunzi anayejua kupiga udi bila kujua ni wakati gani udi hujibu, na kwa nini hunyamaza ubeti unapoanza, amejifunza nusu. Maktaba za sauti nazo zinaandika jina la chombo, mahali na tarehe. Mara chache zinaandika chombo hicho kilikuwa kikimjibu nani, na kipi kilikuwa kimekaa hapo kabla yake. Maarifa hayo yamo vichwani mwa watu: wapigaji wa nyatiti waliopiga matangani, wapigaji wa ridhim wa miaka ya 1970, wazee waliowasikia Black Star wakiwa vijana. Watafutwe sasa waulizwe, na majibu yao yahifadhiwe pamoja na milio yenyewe.